Uzi wa madoadoa: maswali ninayoulizwa kila wiki kuhusu kutia rangi nyumbani

Ninatia rangi uzi uani kwangu hapa Mbeya, halafu ninafuma kofia, mitandio na sweta za watoto. Wanaokuja kununua huishia kuuliza, na swali likishaulizwa mara tatu naliandika kwenye daftari. Majibu yafuatayo yametoka humo. Mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu wanapoharibu uzi wao, na mimi niliharibu wangu hapo hapo.

Uzi wa madoadoa ni upi hasa?

Mtazame kanga, yule ndege. Mwili una rangi moja ya msingi, juu yake vitone visivyo na idadi. Wengi husema hata vazi la kanga lilipata jina kwa ndege huyo, kwa sababu ya madoa. Uzi wenyewe ni vivyo hivyo: msingi mweupe, wa maziwa au wa kijivu hafifu, na juu yake vidoa vya ukubwa wa punje ya ulezi hadi punje ya mahindi, vimeanguka bila mpangilio. Ukiona mabaka marefu ya shibiri nzima, huo ni uzi mwingine, na hutiwa rangi kwa namna nyingine.

Nimenunua uzi dukani, nimetia rangi, nimechemsha, nimesuuza, rangi yote imeondoka na maji. Rangi ni feki?

Mara nyingi rangi haina kosa. Kosa ni la uzi. Nyuzi nyingi za kufumia zinazouzwa madukani kwetu, zile za bunda zenye rangi kali, ni akriliki, yaani plastiki iliyovutwa ikawa laini. Rangi za asidi, zile zinazoshika kwa siki au ndimu ya unga na ambazo ndizo rahisi kutumia nyumbani, hushika kwenye nyuzi zilizotoka kwa mnyama: sufu, hariri, mohea ya mbuzi. Nailoni nayo huzipokea vizuri, ingawa haikutoka kwa mnyama. Akriliki haizipokei. Ina rangi zake za kiwandani, na kemikali zake si za kuingiza katika nyumba yenye watoto.

Usiamini maneno ya muuzaji, na usiamini karatasi iliyozungushwa kwenye bunda. Niliwahi kununua kilo mbili za uzi ulioandikwa kuwa ni sufu tupu, nikatia rangi ya samawati usiku kucha, asubuhi nikaamka na kilo mbili za uzi mweupe pee na beseni la maji ya bluu. Tangu siku hiyo kila uzi ninauchoma kwanza.

Unauchomaje?

Kata kipande cha urefu wa kidole. Kishike kwa kibano juu ya bakuli la maji, ukisogeze taratibu kwenye moto wa kiberiti. Sufu inasita kuwaka, inajikunja, moto ukiondolewa hujizima, na harufu yake ni ya nywele zilizoungua. Majivu yake ukiyabana kwa vidole yanasagika kuwa unga mweusi. Akriliki inayeyuka na kuwaka kwa moshi mweusi, na ikipoa huacha kidonge kigumu kisichovunjika. Pamba inawaka haraka kama karatasi na kunuka kama karatasi, majivu yake ni mepesi ya kijivu.

Uzi wa mchanganyiko unakupa dalili mbili kwa pamoja: nywele zinanuka, na kidonge kigumu kinabaki. Huo nao unaweza kuutia rangi, ila sehemu ya plastiki itabaki nyeupe, hivyo rangi nzima huonekana imepauka kidogo. Kwa madoadoa hilo si baya.

Sufu nitaitoa wapi huku kwetu?

Kondoo wetu wengi wana nywele fupi, si sufu ya kusokota. Wenzetu wa Kenya wanafuga kondoo wa sufu, Merino na Corriedale, kwenye nyanda zao za juu, kwa hiyo mwenye mtu Nairobi anaweza kuagiza. Mimi natumia njia nyingine, na sijaiacha mpaka leo: mitumba.

Sweta za sufu zinakuja kwa wingi kwenye marobota kwa sababu huko zinakotoka kuna baridi. Nenda soko la Mwanjelwa hapa Mbeya asubuhi siku wanayofungua robota, tafuta sweta nyeupe, ya maziwa au ya kijivu, kisha pekua kilebo kilichoshonwa ubavuni. Maneno ya kutafuta ni "wool", "laine", "lana" au "Wolle". Yote ni sufu, kutegemea nchi ilikotoka. Ikiandikwa asilimia 80 na kilichobaki ni nailoni, chukua. Kilebo kikiwa kimekatwa, omba ruhusa ya kuvuta uzi mmoja wa ndani na kuuchoma. Wauzaji wangu wamezoea, wananicheka tu.

Kabla hujalipa geuza sweta ndani nje, utazame mishono. Kama vipande vimefumwa kila kimoja na pindo lake halafu vikaunganishwa, utafumua uzi mrefu usiokatika. Kama kingo zimekatwa na mkasi na kupigwa ovaloki, iache. Kila mstari ndani ya sweta hiyo umeshakatwa, utabaki na vipande vya urefu wa mkono mmoja mmoja. Iache pia iliyosinyaa ikawa nzito kama blanketi, kwa maana nyuzi zake zimeshikana na hazitafumuka.

Fumua kuanzia shingoni kushuka chini. Zungushia uzi kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa, upate shada la mviringo. Lifunge sehemu nne kwa uzi wa pamba, kwa kulegeza, maana ukikaza rangi haitapita chini ya kamba na utapata makovu meupe. Lioshe kwa shampuu, litundike na kitu kizito kidogo chini yake mpaka likauke, mikunjo inyooke. Sweta moja ya mtu mzima hutoa kati ya gramu 300 na 600. Sijui njia ya bei rahisi kuliko hiyo.

Rangi ipi ya kuanzia?

Kwa anayejifunza, rangi ya chakula ya unga. Inashika kwenye sufu ikipewa siki na moto, na mtoto akiigusa huna haja ya kukimbia naye hospitali. Udhaifu wake ni jua: mtandio ukiuanika nje miezi kadhaa unapauka.

Ukishazoea, tafuta rangi za asidi za kutilia sufu. Zinaagizwa, zina gharama, lakini gramu moja inatosha gramu 100 za uzi kuwa rangi iliyokolea vizuri, na kwa madoadoa unatumia robo ya hapo au chini yake. Kikopo kidogo kinakaa mwaka.

Nina rangi ya batiki nyumbani. Naweza kuitumia?

Kwa sufu, hapana, na ninasisitiza. Rangi nyingi za batiki zinazotumika kwetu zinataka kostiki soda na haidrosi, kemikali inayoyeyusha rangi hizo. Kostiki soda ya moto inayeyusha sufu. Sisemi inaharibu, nasema inayeyusha: utatoa beseni lenye uji. Batiki ibaki kwenye pamba.

Vyombo gani vinatakiwa?

Sufuria pana ya stenlesi au ya enameli, sinia linaloingia ndani yake, mfuniko, glavu, barakoa, vijiko vya zamani, na vichupa vya chumvi vya mezani vyenye matundu. Sufuria ya alumini inaliwa na asidi na inaweza kufifisha rangi, ya chuma inatia weusi. Ukiweza, nunua na mizani ndogo ya kupimia gramu. Chombo kikishaingia kwenye rangi kisirudi tena jikoni, hata kikisuguliwa mpaka king'ae. Vyangu nimevipiga alama ya rangi nyekundu kwenye mpini ili mgeni asije akapikia wali.

Nielekeze basi, mwanzo mpaka mwisho.

Tuchukue shada moja la gramu 100. Loweka kwenye lita moja ya maji vuguvugu yenye kijiko kimoja cha chai cha ndimu ya unga, ile wanayotilia ubuyu, au nusu kikombe cha siki nyeupe. Tia na tone la shampuu ili maji yapenye. Sufu inakataa maji kama bata, hivyo mpe nusu saa, ikiwezekana saa nzima. Ukiharakisha hapa, ndani ya uzi kutabaki pakavu na doa litakaa juu juu.

Wakati uzi unalowa, tengeneza unga. Changanya sehemu moja ya rangi na sehemu kumi za chumvi laini iliyokauka. Chumvi inaitenganisha rangi ili isidondoke bonge. Wakati wa mvua chumvi yetu hunyonya maji ikashikana, kwa hiyo ipashe kwanza kwenye kikaangio kikavu, iache ipoe. Kila rangi na kichupa chake. Chagua rangi mbili au tatu. Wanaoanza huweka saba, na saba zikikutana zinakuwa kahawia.

Toa uzi, ukamue, uuviringishe kwenye taulo, ulikanyage taulo. Uzi uwe na unyevu kama nguo iliyo tayari kupigwa pasi, usidondoshe hata tone. Utandaze kwenye sinia upate tabaka moja tambarare. Vaa barakoa, maana unga huu unaruka na si wa kuvuta. Funga dirisha, upepo wa Mbeya mchana haufai.

Sasa nyunyiza. Shika kichupa juu, kiasi cha mkono mmoja kutoka kwenye uzi, ugonge kwa kidole kimoja. Ukikaribia, unapata bonge, na ukiwa juu unapata vumbi linalotawanyika. Anza na rangi hafifu, malizia na ile kali. Acha dakika tano uone vidoa vikifunguka. Geuza shada kwa mikono miwili kama unavyogeuza chapati pana, nyunyiza upande wa pili kwa uchache. Baada ya hapo usiguse. Najua mkono unawasha kutaka kurekebisha. Usiguse.

Weka mawe matatu ndani ya sufuria, maji kidogo yasiyofika juu ya mawe, sinia juu yake. Tandika kitambaa safi chini ya mfuniko, kama wanavyofunika wali, kinyonye matone ya mvuke. Matone hayo yakianguka juu ya uzi yanaosha madoa yako. Kule Rungwe nimeona mtu akifunika juu kwa jani la mgomba badala ya kitambaa. Linafaa, ila toa uti wa kati na lisiguse uzi, utomvu wa mgomba ukishaingia hautoki.

Mvuke ukianza kutoka kwa nguvu, hesabu dakika 40. Epua, acha mfuniko ulivyo, nenda kalale. Asubuhi uzi umepoa, suuza kwa maji ya joto lile lile la uzi, kamua, anika kivulini.

Madoa yangu yameenea yote, shada limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nimekosea wapi?

Hili ndilo swali la kila Jumamosi. Ili ulielewe, fikiria kinachotokea kwa punje moja ya rangi. Inaanguka kwenye uzi wenye unyevu, inayeyuka, inaanza kutembea na maji. Itaendelea kutembea mpaka kitu kiizuie, na vya kuizuia viko vitatu: ukosefu wa maji ya kutembelea, asidi inayoifanya sufu iivute, na joto linaloifunga moja kwa moja. Doa lenye ukingo mkali limezuiwa mapema. Lililoenea limecheleweshwa.

Tisa kati ya kumi wanaokuja na shada la chai ya maziwa walikuwa na maji mengi. Wanakamua kwa mkono, wanaona inatosha. Ndiyo maana ninasema taulo, na mguu juu ya taulo. Wengine waliweka asidi kidogo kwa woga. Wengine walinyunyiza jioni wakaweka jikoni kesho yake, usiku mzima rangi inatembea tu. Na wapo walioloweka vizuri, wakakamua vizuri, wakanyunyiza vizuri, halafu wakasuuza uzi ungali na moto.

Rangi nazo zina tabia zao. Nyekundu na waridi zinapenda kukimbia. Bluu ya feruzi inachelewa kushika, ipe dakika kumi na tano zaidi kwenye mvuke. Nyeusi karibu kila mara ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na kwa kuwa kila moja inatembea kwa kasi yake, punje ya nyeusi hukupa kitone cheusi chenye ukingo wa bluu au zambarau. Wengine huiona ni kasoro. Mimi nanyunyiza nyeusi makusudi kwa sababu hiyo hiyo.

Ukitaka kujifunza bila hasara, kata uzi wako uwe vijishada vya gramu kumi kumi. Kimoja kiwe chepechepe, kimoja kimekamuliwa, kimoja hakina asidi. Vinyunyizie rangi moja, viweke kwenye mvuke pamoja. Jioni moja hiyo itakufundisha kuliko maneno yangu.

Huku juu maji yanachemka mapema. Joto linatosha kweli?

Linatosha. Ni kweli kwamba kadiri unavyopanda, maji hutokota kwa joto la chini, karibu nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, maji yanatokota kwenye nyuzi 94 badala ya 100. Iringa ni 95 hivi, Njombe 93, na Makete huenda chini zaidi. Maharage yetu yanalijua hilo. Lakini rangi za asidi zinahitaji nyuzi 85 hadi 90 tu kushika, kwa hiyo bado tuna ziada. Wanaofuata maelekezo yaliyoandikwa na watu wa pwani au wa ng'ambo waongeze dakika kumi, hasa wakiwa Njombe au Makete siku ya ukungu, jiko linapopoteza joto pembeni.

Uzi wangu umeshikana ukawa kama kipande cha blanketi.

Pole. Sufu ina magamba madogo madogo. Ukiipa joto, sabuni na msuguano, au ukiitoa kwenye moto ukaitumbukiza kwenye maji ya baridi, magamba hukamatana na hayaachiani tena. Maji ya bomba ya huku mwezi wa saba ni ya kung'ata mifupa, kwa hiyo kosa la kusuuza uzi wa moto kwa maji ya bomba tunalipia zaidi kuliko watu wa Dar es Salaam. Nilipoteza hivyo oda nzima ya mitandio minne. Nilikata lile donge, nikashonea soksi za ndani za viatu, na mteja nikamrudishia pesa yake.

Dawa ni uvivu: epua, acha ipoe yenyewe usiku kucha. Na usichochee.

Kamwene! Mimi niko Iringa, ninafuma kwa mtambo wa mbao na uzi wangu ni wa pamba. Nafanyaje?

Kamwene! Pamba inataka rangi za riaktivu, zile zinazoshika pamba bila kupikwa, na badala ya asidi inataka soda ashi, ile wanayotumia watengeneza sabuni. Usiichanganye na kostiki. Vijiko vitatu vya chakula kwa lita moja ya maji, loweka pamba nusu saa, kamua kwa glavu, nyunyiza unga kama nilivyoeleza. Hakuna kupika. Unafunga sinia vizuri lisikauke na kuliacha saa 24.

Tatizo ni baridi. Rangi hizi zinafanya kazi vizuri kuanzia nyuzi 20 kwenda juu, na chumba cha Iringa usiku wa Juni hakifiki hapo. Sinia likae ndani ya boksi pamoja na chupa mbili za maji ya moto, boksi livikwe blanketi kuukuu. Badilisha chupa kabla ya kulala. Bila hivyo utasuuza rangi yako yote kesho yake.

Kuhusu ufumaji wenyewe, madoadoa hupendeza zaidi kwenye mshindio, yaani uzi unaopita kulia na kushoto, na mtande, ule uliotangulia kunyooshwa kwenye mtambo, uwe wa rangi moja iliyotulia. Ukiyaweka kote kuwili, kila doa linakatwa na doa lingine na macho hayana pa kupumzika. Kama hujawahi kuona mtambo ukifanya kazi, pita Neema Crafts hapo hapo mjini kwenu. Karakana hiyo ya watu wenye ulemavu, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ina wafumaji.

Rangi za asili je? Tuna miti na mimea mingi.

Tunayo, na akina mama wanaosuka vikapu vya milulu Iringa wamekuwa wakitia rangi tangu zamani. Lakini madoa makali ya rangi za asili ni magumu, tujiambie ukweli. Unachopata ni mabaka laini.

Anza na maganda ya vitunguu. Chemsha sufu kwanza na shabu ya kushikisha rangi, gramu 10 hadi 15 kwa gramu 100 za uzi, saa moja kwa moto mdogo. Kisha tandaza uzi ukiwa na unyevu, tawanya maganda makavu yaliyopondwa, uviringishe kama mkeka, ufunge kwa kamba, uweke kwenye mvuke saa moja na nusu. Ukifungua utakuta mabaka ya dhahabu na machungwa. Kokwa za parachichi, ambazo Njombe na Rungwe zinatupwa kwa ndoo, hutoa waridi la udongo linalonifurahisha sana kama rangi ya msingi: zikatekate, chemsha polepole, na shabu si lazima kwa sababu kokwa zina tanini yake, dutu inayoshikisha rangi.

Tanini nyingine iko kwenye magome ya miwati. Njombe kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa 1949, imekuwa ikikamua tanini ya miwati kwa ajili ya kutengeneza ngozi. Uzi uliochemshwa na magome hayo unakuwa kahawia hafifu. Ukiurashia maji ya misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki, kila tone linageuka kijivu hadi nyeusi pale pale, mbele ya macho yako. Hayo ndiyo madoadoa pekee ya asili ninayoweza kusema yana ukingo. Usizidishe, chuma kingi hufanya sufu iwe ngumu na kukatika.

Manjano ya kupikia? Inang'aa siku ya kwanza, jua linaimaliza. Sitii tena.

Nyumbani tunatumia jiko la mkaa. Naweza kutia rangi ndani?

Usifanye hivyo. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu waliolala. Wakati wa baridi kishawishi ni kikubwa, jiko linaingizwa ndani kupasha chumba na sufuria ya rangi juu yake. Nyunyiza ndani, chemsha nje, hata kama ni barazani kukiwa na mvua.

Maji yaliyobaki nimwage wapi?

Ukifanya vizuri maji yanabaki karibu meupe, rangi yote iko kwenye uzi. Yakiwa bado na rangi, rudisha uzi motoni na kijiko cha siki. Ya mwisho mwaga kwenye shimo la maji machafu, mbali na kisima na bustani ya mboga.

Uzi unachuja nikiuosha. Ndiyo basi?

Mara moja au mbili ni kawaida, hasa nyekundu. Ikizidi hapo, joto halikutosha au muda haukutosha. Loweka tena kwenye maji ya siki, weka kwenye mvuke nusu saa. Usiuze sweta ya mtoto kabla ya kubana uzi wake uliolowa kwenye kitambaa cheupe na kuona kitambaa kimebaki cheupe.

Nimefuma, na madoa yamejipanga mstari upande mmoja wa sweta. Kwa nini?

Kwa sababu shada ni mviringo. Ulinyunyiza sehemu moja, ukapaka nyuzi zote zinazopita hapo, kwa hiyo doa linajirudia kila uzi ukizunguka, tuseme kila mita moja na nusu. Upana wa kazi yako ukilingana na mzunguko huo, madoa yanapangana kama askari wa gwaride. Wakati wa kunyunyiza, ruka ruka, na ukigeuza shada usinyunyize mkabala na pale ulipoanza. Wakati wa kufuma tumia mabunda mawili, mistari miwili kutoka hili, miwili kutoka lile. Wenye mashine ya sweta wasumbuke zaidi na hili, mashine inakwenda haraka na utagundua ukiwa umeshamaliza mgongo mzima.

Mteja anataka rangi ile ile ya mwaka jana.

Mwambie atapata ndugu yake, si pacha. Mimi naandika kila shada: uzani wa uzi, gramu za kila rangi, asidi, dakika, na kipande cha uzi nakigundisha kwenye ukurasa. Hata hivyo mkono wa leo si wa jana. Kwa sweta ya mtu mzima tia rangi gramu zote 500 au 600 siku moja, na shada moja la ziada.

Masika uzi haukauki kabisa.

Siku tatu ni kawaida, nne Makete. Kamua kwa taulo mara mbili, tundika barazani penye upepo. Usiweke juu ya jiko, moshi ukiingia kwenye sufu utanuka mpaka mwakani.

Unga wa chumvi na rangi uliobaki kwenye vichupa nifanyie nini?

Mwisho wa mwezi mimi namimina mabaki yote kwenye kichupa kimoja, natikisa, nanyunyiza kwenye shada la kijivu kutoka sweta za mitumba. Halina jina na sijawahi kulirudia mara mbili. Nikilipeleka sokoni na mengine, hilo ndilo linaloondoka la kwanza.